Bunduki ya Misri Niliyoiita ya Kongo

Sekela, mama,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kwa sababu leo nahitaji kuzungumza na mtu mzima. Umekwenda Chapwa kumuaga shangazi yako, na ninavyomfahamu hatakuachia uondoke kabla hujala mara mbili. Nina mchana wote wa kuandika bila wewe kunichungulia begani. Barua utaikuta juu ya begi lako. Isome mpaka mwisho kabla hujanijia juu.

Habari za sweta, za dawa ya mafua na za kutompa mtu usiyemjua simu yako sitazigusa. Mama yako amezisema wiki nzima mpaka kuku wa nyumba hii wamezikariri. Mimi nina jambo moja, na hutalipenda. Jumapili uliniomba nisubiri. Ulisema, "Baba, mwaka mmoja tu. Nimalize kipindi cha majaribio, wanithibitishe kazini, ndipo useme hayo ya Masanja." Sikukujibu, ukadhani nimekubali. Jibu langu ni hapana. Jana, ulipokuwa ukisukwa nywele, nilipanda gari hadi Vwawa, nikaapa mbele ya wakili, nikatia saini, na hati imeshapokelewa mahakamani. Nilikwenda kimyakimya kwa sababu nilijua ukilia nitalegea.

Masanja yuko gerezani mwaka wa tisa kwa maneno yangu, na bado ana sita mbele yake. Kwa mzee wa umri ule, huo mmoja unaouomba huenda ndio wa mwisho alio nao. Wewe una miaka ishirini na minne na kichwa kinachofanya kazi. Ukikosa ajira hii utapata nyingine, yeye hana maisha mengine ya kuombea.

Nusu ya mambo haya unayajua, tena unayajua vibaya, kwa hiyo naanza upya.

Unalijua daftari langu la jalada jekundu. Nililianza nilipokuwa fundi wa silaha katika ofisi ya wanyamapori, nikitunza ghala la bunduki zilizokamatwa. Huku kwetu mpakani chuma kinaingia kutoka kila upande, na kila kilichofika mezani kwangu nilikichora. Iliyonishika moyo ni ile ya Kibelgiji, ya miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, inayojipakia yenyewe kila unapofyatua, risasi kumi tumboni. Mtu asiyezijua akiona mbili atasema ni pacha. Kiwanda kilikuwa kimoja, lakini kila serikali iliyoagiza ilitaka ya kwake. Venezuela walitaka mdomo wa mtutu uwe na kipande cha kuvunja mwali wa moto. Argentina waliagiza kwa ajili ya wanamaji wao, zikapigwa nembo ya wanamaji. Luxemburg, nchi ambayo ingeenea ndani ya Mbozi na nafasi ikabaki, nao walidai herufi zao. Misri waliagiza kwa risasi ya Kijerumani ya milimita nane, wakapiga taji la mfalme wao kwenye chuma, wakaandika umbali wa shabaha kwa tarakimu za Kiarabu, wakapachika kwenye kitako kisahani cha shaba chenye tarakimu hizo hizo. Za Kongo, enzi za ukoloni, zilikuja na risasi ya Kimarekani kama za Wabelgiji wenyewe, mtutu mwembamba zaidi kwa unene wa ukucha wa mtoto.

Nyingi kati ya hizo nilizijua kwa kitabu alichoniachia padri mmoja alipokuwa akirudi kwao. Za Kongo ndizo nilizozishika, tena nyingi. Ya Misri nilikuwa sijashika hata moja, na sikupenda watu wajue hilo.

Daftari lile likanipa jina. Askari wa pori wa upande wa Zambia, kule Nakonde, walikuwa wakivuka kuja kuniuliza, wameshika picha. "Ba fundi, iyi ni ya wapi?" Naitupia jicho, naitaja, wanacheka kwa mshangao na kupigana mabega. Nikazoea. Mwisho nikawa nataja hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nakwambia, sifa za namna ile zinalewesha kuliko chochote kinachouzwa pale mpakani, na mlevi wake hapepesuki, kwa hiyo hakuna anayemshika mkono.

Ndipo akaja Masanja. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Momba na ng'ombe wake, mtu mrefu, mpole, kandambili za matairi. Askari wetu walimkuta na bunduki ya Kibelgiji ndani ya nyumba. Hakuikana. Alitoa kibali cha zamani cha marehemu baba yake, aliyewahi kufanya kazi kwa mwindaji wa kizungu na kuachiwa silaha ile kihalali. Panya walikuwa wamekula sehemu ya namba, lakini maneno yaliyobaki yalisomeka: bunduki ya Kibelgiji, ya Misri, milimita nane. Wakili wa serikali mwenyewe alikubali kwamba kama bunduki ni ile ya kwenye kibali, basi kosa ni kutohuisha karatasi, mzee atapigwa faini aende zake. Kama ni nyingine, ni silaha ya kivita iliyoingizwa kwa magendo. Kesi nzima ikaangukia swali moja, ni ya Misri au ya Kongo, na mtu wa kulijibu nikawa mimi.

Niliikagua ghalani siku moja kabla. Mahali pa nembo palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa. Bati la kulengea halikuwa na tarakimu yoyote, mtu alizifuta akakata mapengo ya kuhesabu kwa kidole. Kwenye kitako palikuwa na tundu la duara lililozibwa kwa ngozi ya ng'ombe. Na mtutu ulikuwa umejaa mafuta ya ng'ombe kutoka juu hadi chini, yameganda kama mshumaa. Wafugaji wa kule bondeni ndivyo wanavyoficha chuma kisipate kutu wakati wa masika: wanayeyusha mafuta, wanamimina, wanatundika. Kuyatoa kunataka maji ya moto na subira, na mimi nilijiambia ni kazi ya nusu siku. Pini zangu za kupimia mtutu zilikuwa mfukoni. Nilisukuma moja, ikazama kwenye mafuta, nikaichomoa, nikaifuta kwenye suruali. Ya nini? Nembo zilizokwanguliwa nimeziona tele, na wanaozikwangua ni wenye magendo. Lile tundu la duara nililiona pia, na nilikumbuka kabisa kitabu kinasema nini juu ya kisahani cha Wamisri. Nikasema ni mchwa. Nikaandika Kongo.

Kesho yake nilikuombea ruhusa shuleni. Ulikuwa kidato cha pili. Nilitaka uje uone baba yako akiitwa mtaalamu mbele ya hakimu, na ulikuja, ukakaa benchi la tatu na sare yako, daftari magotini, ukiandika kila nililosema. Nilisema vizuri siku ile. Nilitaja Venezuela, nikataja Argentina, nchi ambazo hakuna aliyeziuliza. Hata karani aliacha kuandika akawa ananisikiliza tu.

Masanja hakuwa na wakili. Hakimu alipompa nafasi ya kuniuliza maswali alisimama, akakuna shingo, akasema, "Mimi sijui kuuliza, mheshimiwa. Nauliza tu huyu mzee, ule mdomo wa bunduki aliupima? Maana baba alikuwa anasema risasi yake ni nene."

Nikatazama benchi la tatu. Ulikuwa umeinua kalamu, unasubiri jibu ulichukue.

Nikasema, "Ndiyo. Nimepima."

Hapo ndipo usipopajua, Sekela. Miezi mitatu sasa unaniambia, baba ulikosea, wataalamu wote hukosea. Ningekuwa nimekosea ningesubiri mwaka wako, huenda hata miwili. Mimi nilidanganya. Nimeshika Biblia, mtu masikini ameniuliza swali moja la haki, swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, nikamjibu uongo kwa sababu binti yangu alikuwa ananitazama na nilitaka niwe mkubwa machoni pake. Akapewa miaka kumi na mitano. Wewe nje ukanishika mkono ukasema, "Baba, na mimi nataka kazi hii." Nikakununulia soda, tukarudi nyumbani tukicheka.

Najua ninachokufanyia kwa kuandika hivi. Kazi ya kukagua silaha unayokwenda kuianza Dodoma keshokutwa ilizaliwa siku ile, na sasa nakuonyesha ilizaliwa juu ya nini. Nisamehe kwa hilo. Kwa hati niliyopeleka sikuombi msamaha.

Kabula unamkumbuka, wewe ndiye uliyemfungulia mlango wa karakana baada ya mavuno ya mahindi. Ulimpa kigoda ukaenda kuweka chai, na chai hakuinywa. Yeye ni binti wa Masanja. Alifungua kitambaa akatoa kisahani cha shaba, kimetobolewa kwa msumari kipite uzi.

"Mama alikuwa anakivaa shingoni tangu mimi mdogo," alisema. "Amefariki mwaka huu. Kabla hajafariki alisema kilitoka kwenye bunduki ya babu. Alikibandua yeye, aliona kinang'aa. Hakujua kama kina kazi."

"Mbona umeniletea mimi?"

"Si wewe ndiye unajua bunduki?"

Nilimtazama usoni nitafute kejeli, sikuiona. Alikuja kwangu kama mtu anavyokwenda kwa daktari. Nikakigeuza kisahani kwenye mwanga wa dirisha, na tarakimu za Kiarabu zilikuwa pale pale, zimelika kidogo kwa jasho la shingo ya marehemu. Mama wa watu alipenda kitu kinachong'aa, nami nilipenda kung'aa mbele ya mwanangu, na baina yetu mtu akafungwa. Nilimwambia Kabula anipe siku mbili.

Wakati ule, unajua, ghala lilikuwa limeniita, ingawa nimestaafu, niorodheshe bunduki kuukuu zinazopelekwa makumbusho, na ya Masanja ilikuwemo. Nikachemsha maji, nikamimina. Mafuta yakatoka na harufu ya zizi. Pini ya Kongo ikapwaya. Ya milimita nane ikaingia ikakaa. Kazi niliyoiita ya nusu siku ilikwisha kabla chai ya saa nne haijaletwa. Nilikaa chini sakafuni, mimi mwenye magoti haya, nikashindwa kuinuka mpaka yule dada wa chai alipokuja kunishika kwapa.

Nikaandika kadi ya maelezo: ya Misri. Mkuu wa ghala akaisoma akaniita pembeni.

"Mzee wangu, andika Kongo."

"Siyo ya Kongo."

"Hukumu inasema Kongo. Unataka tubishane na hakimu kwa kikadi cha makumbusho? Watoto wa shule wanaokuja kuangalia watajua nini?"

Akachana ile kadi, akaandika yake. Asubuhi nikaichana yake, nikaandika yangu. Tulichezeana hivyo siku nne kama watoto wanaogombea kiti, siku ya tano mlinzi akaambiwa asinifungulie geti. Nilisimama nje nikamwambia mlinzi, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwamba ni ya Misri. Akaniomba nisimharibie kazi. Nikamwambia sawa, nimeondoka, lakini ni ya Misri.

Tangu hapo kila mtu ana ushauri. Shangazi yako ananiambia, "Kaka, umeshazeeka, unataka kufia lupango?" Wakili mwenyewe hakunificha, kosa la kiapo cha uongo ninaweza kushtakiwa nalo. Na wakubwa zako Dodoma watakutana na jina langu kwenye jalada, na jina langu ndilo la pili kwenye kitambulisho chako. Yote hayo nayajua. Niliposema uongo sikuomba ruhusa ya mtu, siioni sababu ya kuanza kuomba ruhusa sasa. Wakitaka kunishtaki, karakana wanaijua, iko wazi toka saa mbili. Wakija watanikuta nimevaa aproni.

Neno lako la Jumapili lilinikaa, na sitalipita kama sikulisikia. Ulisema, "Baba, unataka kujisafisha kwa kazi yangu." Inawezekana. Nimejichunguza na siwezi kukuapia kwamba sivyo, na kuapa kwangu umeshaona kunavyokuwa. Lakini Masanja hahitaji moyo wangu uwe safi. Anahitaji karatasi yenye saini yangu, na saini ya mtu mchafu inasomeka vilevile.

Kuna jambo jingine sijakwambia. Wiki iliyopita nilikwenda kumwona gerezani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakanitoka yote nilipomwona jinsi alivyokonda. Nikamwambia kwa kifupi, mzee mwenzangu, ule mtutu sikuupima.

Akasema, "Najua."

"Unajuaje?"

"Mafuta nilimimina mwenyewe. Bunduki ilipoletwa pale mezani kwa hakimu niliyaona bado yako mdomoni, hayajaguswa."

"Ndiyo maana uliniuliza?"

"Eeh. Nilijua utasema bado, ngoja nikapime." Kisha akaniuliza kama kule bondeni mvua imeshaanza.

Kumbe hakuwa ananitega. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke na heshima yangu yote, nami nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nimelia kwa ajili ya jambo hilo, nakuandikia wazi ili usisikie kwa mama yako. Nimelia barabarani, mbele ya foleni ya malori, na dereva mmoja akashusha kioo kuniuliza kama nimefiwa.

Wewe una jicho kali kuliko langu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mwezi uliopita alikuja yule mwindaji kutoka Mbebe na bunduki yake ya leseni, ukaitaja nchi yake ukiwa bado mlangoni na sufuria mkononi. Ulipatia. Mimi nikacheka kwa fahari kabla sijakumbuka kitu chochote. Huko uendako utapatia mara nyingi, watakuzoea, wataanza kukuletea picha kwenye simu wakati unakula. Halafu siku moja atasimama mtu asiyejua kuuliza, akuulize kama umepima, na watu unaowataka wakuheshimu watakuwa wamekaa hapo wanakutazama. Kama hujapima, sema hujapima. Utaonekana mdogo. Hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu mtaalamu alionekana mdogo.

Na wakikuuliza kazini kama wewe ni mtoto wa yule mzee wa hati ya kiapo, usizunguke. Nadhani hata mimi nina haki ya kukuomba hilo moja, ingawa siwezi kukulazimisha, na nikifikiri vizuri labda sina haki. Amua mwenyewe. Mimi nimeamua ya kwangu.

Kama Masanja atatoka, sijui. Wakili anasema mahakama ina mwendo wake na huenda ikachukua miezi. Kabula anapiga simu kila siku, nami kila siku namwambia bado, na sasa nimejifunza kulitamka neno hilo.

Gari lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nimeshavaa koti, nimekaa barazani. Ukitaka nikubebee begi mpaka stendi, niite, nitainuka na magoti haya haya. Ukipita bila kuniita nitaelewa, sitakufuata, na upendo wangu hautapungua hata kidogo. Lakini usinipe masharti hapo mlangoni, kwa sababu nikilazimika kuchagua kati ya kukusindikiza na kuiacha ile hati mahakamani, nitabaki barazani nikikutazama mpaka ukate kona.

Baba yako